Inabeba Nini? Mjadala wa Kwadi Mkange

SHANGAZI: Nina swali moja tu, baba, na usinizungushe. Inabeba nini? Guta linabeba magunia. Baiskeli ya marehemu baba yako ilibeba mkaa, ikabeba mgonjwa, siku moja ikabeba mlango wa mninga kutoka Miono. Hiki cha kwako, hii pikipiki ya matairi manne mnayoiita kwadi, hakina hata pa kufungia ndoo.

MWENYE KWADI: Kinanibeba mimi, shangazi.

SHANGAZI: Wewe una miguu.

MWENYE KWADI: Na wewe una redio. Inabeba nini? Ufuta nilipeleka ghalani kama wenzangu, nikasubiri mnada, chama cha msingi kikakata makato yake, kilichobaki kikawa changu. Nyumba nimeezeka bati. Mdogo wangu nimemnunulia sare, godoro na sanduku la bweni. Iliyobaki nikanunua kwadi iliyotumika, ya cc 110, kwa mtu wa Bagamoyo aliyekuwa anahama. Mwaka huo huo jirani yetu aliuza ufuta wake akaoa mke wa pili, tukaalikwa, tukala pilau. Hakuna aliyesimama kuuliza mke wa pili anabeba nini.

SHANGAZI: Anabeba maji, anabeba kuni, na sasa anabeba mimba. Tafuta mfano mwingine.

BODABODA: Mwana, achana na wake za watu, njoo kwenye hela. Kwa ile pesa ungeongeza kidogo ukapata Boxer. Ungempa dogo mmoja wa hapa kwa mkataba, akakuletea hesabu kila jioni, mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake na wewe umesharudisha hela yako na faida juu. Unalima huku unaingiza. Kwadi inakunywa petroli na hailetei mtu hata mia.

MWENYE KWADI: Pale kijiweni mko wangapi mnaomsubiri abiria mmoja anayeshuka kwenye basi? Likisimama mnamvamia yule mama mpaka anaukumbatia mkoba wake. Niongeze nyingine ya nini? Kijana yeyote akishika hela ushauri ni ule ule, nunua boda, na wanaoutoa ndio hao hao wanaolalamika boda zimejaa.

BODABODA: Hata zikijaa, usiku mke wa mtu akishikwa na uchungu, wanajua wampigie nani. Nani ataipigia simu kwadi?

(Mwandishi anachomeka neno: huyu bodaboda naye bado yumo ndani ya mkataba, na chombo anachokitetea si chake mpaka amalize. Hoja yake haiharibiki kwa hilo, ila ukali wake unaeleweka.)

MWENYE KWADI: Hakuna wa kuipigia, na sitaki ipigiwe. Hapo ndipo tunapopishana. Sijasema kwadi ni kazi. Kazi ya kwadi nimeshaifanya, Nungwi, naijua. Nilikuwa naongoza misafara ya watalii. Mimi mbele, nyuma yangu kwadi sita au nane, kila moja na mgeni wake, kila mgeni na miwani ya vumbi na kitambaa usoni. Tunatoka Nungwi, tunapita Kendwa, tunaingia mashambani kwenye minazi na mihogo, tunasimama kijijini wapige picha, tunarudi. Alicholipa mgeni mmoja kwa asubuhi moja mimi nilikifanyia kazi siku kadhaa. Hakuna aliyemuuliza inabeba nini. Alikaribishwa, akapewa dafu, akaambiwa hakuna matata. Uganda nako, Jinja, wanawazungusha wageni kwa kwadi kando ya mto Nile, na hiyo inaitwa utalii. Binamu yetu aliyeko Maskati, Ijumaa wanapakia magari wanakwenda Bidiya kupanda vilima vya mchanga, watoto na wazee, anatutumia video na nyote mnapitishiana simu mnacheka. Jambo lile lile akilifanya kijana wa Mkange kwa hela ya ufuta wake, anaitwa mhuni.

SHANGAZI: Na wenye hayo mashamba ya mihogo, mliwauliza?

MWENYE KWADI: Njia ni ya wote.

SHANGAZI: Sikuuliza njia ni ya nani. Wale akina mama walioanika nguo zao na dagaa zao uani, mkapita nane mkifuatana, mliwauliza?

MWENYE KWADI: Vumbi walilalamikia, siwezi kukataa. Wengine waliziba pua na kanga tukipita. Lakini watoto walikuwa wanatukimbilia wanapunga mikono.

SHANGAZI: Watoto hupungia hata gari la maiti.

MWENYE KWADI: Basi hoja yako ni ipi, shangazi? Kwamba wa Nungwi walikosea, au kwamba mimi nisithubutu kufanya wanachofanya wazungu?

SHANGAZI: Yote mawili. Vumbi la mgeni nilifuta kwa hasira, la mwanangu nilifute kwa furaha?

MUUGUZI: Naomba niingie, maana mnazungumzia hela na vumbi, na mimi kazi yangu ni mifupa. Bodaboda ikianguka, mara nyingi mtu anakwenda kwake na chombo kinakwenda kwake. Anachubuka, anavunjika, lakini wanaachana. Kwadi ikipinduka inamfuata mtu. Hata hiyo ndogo si ya kunyanyua kwa mikono miwili ukiwa umelala chini yake. Unapanda kingo za korongo, unabana gesi, pua inanyanyuka, inarudi nyuma, wewe uko chini na yenyewe iko juu ya kifua. Zahanati nina dripu, nina bandeji, nina dawa ya maumivu. Paja likivunjika safari ni ya hospitali ya Msoga. Uti wa mgongo au kichwa ni Tumbi, au moja kwa moja Taasisi ya Mifupa, Muhimbili. Sasa tuko Mkange, masika, saa mbili usiku, gari la wagonjwa liko mbali. Nani anakubeba?

BODABODA: Mimi. Mishikaki, yeye katikati, mguu umefungwa kwa vijiti.

MWENYE KWADI: Sista, ajali za boda ulizopokea ni ngapi, na za kwadi ngapi?

MUUGUZI: Za kwadi hakuna, kwa sababu kwadi ipo moja. Usinipe hesabu za namna hiyo. Marekani walikuwa nazo nyingi, waliweza kuhesabu. Zilianza za magurudumu matatu, Honda wakaiuza ya kwanza mwaka 1970, watoto wakazipenda, wakavunjika, wakafa. Mwaka 1988 serikali na watengenezaji wakakubaliana mbele ya mahakama: za magurudumu matatu zikomeshwe sokoni, na za manne zinazozidi cc 90 asiuziwe mtoto wa chini ya miaka 16. Hiyo ni nchi yenye helikopta za kubebea majeruhi.

MWENYE KWADI: Na ndiyo sababu ya matatu haipo na ya manne ipo. Waliipima wakaiacha.

MUUGUZI: Waliiacha kwa masharti. Australia nao, tangu Oktoba 2021, kwadi mpya ya shambani haiuzwi mpaka iwe na kinga ya kumnusuru dereva ikipinduka. Honda na Yamaha waliona afadhali wasiziuze tena kwenye nchi ile.

MWENYE KWADI: Za shambani, umesema mwenyewe. Za michezo hazimo kwenye sharti hilo. Hii yangu ni ya michezo.

MUUGUZI: Hazimo, lakini si kwa kuwa ni salama. Mpandaji wake anatakiwa asimame, ainame, auhamishe mwili huku na huku, na lile dude la chuma mgongoni lingemzuia. Maana yake kinga iliyobaki ni mwili wako na akili yako. Siku vyote viwili vikichoka pamoja, utaletwa kwangu.

MWENYE KWADI: Sasa hapo umeligusa jambo lenyewe, sista, hata kama hukukusudia. Mwili. Watu wanaona matairi manne wanadhani imetulia yenyewe, unakaa tu inakwenda. Muulizeni fundi. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, haina difu. Gari likikata kona, tairi la nje linazunguka zaidi na la ndani linapunguza, difu ndiyo inayoyagawia. Kwadi haina mgawaji. Matairi ya nyuma yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kwenye kona la ndani lazima liteleze, na usipoliwezesha kuteleza, chombo kinang'ang'ania kwenda mbele moja kwa moja kwenye miba, au kinanyanyua upande mmoja kinakumwaga. Kwa hiyo unaikaribia kona unaachia gesi, unauhamishia mwili wote ndani, unakanyaga kikanyagio cha nje kwa nguvu, macho unayatanguliza unakokwenda, halafu kidole gumba kinarudi kwenye gesi, taratibu, na nyuma inaachia kidogo kwenye mchanga. Kidogo tu. Ukizidisha inazunguka, ukipunguza inakataa. Pale, shangazi, sifikirii deni. Sifikirii bei ya ufuta wala nguruwe waliolala kwenye mahindi yangu. Nikishuka mikono inatetemeka na fulana imeloa. Mtu anayesema ile ni starehe ya kukaa hajawahi kuipanda. Na mpira je? Mshambuliaji wetu alivunjika mguu kwenye kiwanja cha shule, tukachanga, akatibiwa, na Jumamosi iliyofuata mkaja tena kushangilia.

MUUGUZI: Mpira haupandwi na mtoto wa miaka saba. Hebu liseme na hilo. Jioni unawapakia.

MWENYE KWADI: Nawazungusha uwanjani polepole.

MUUGUZI: Kiti kile ni cha mtu mmoja. Wewe mwenyewe umetueleza sasa hivi kwamba chombo kinaendeshwa kwa kuhamisha mwili. Ukiwa na mtoto mbele na mtoto nyuma unauhamishia wapi?

MWENYE KWADI: Wengine wanapanda wenyewe. Kwenye gesi kuna skrubu, ukiiingiza ndani gumba haliwezi kubana zaidi ya nusu. Nungwi wageni wasiojua tuliwafungia hivyo hivyo. Na nyuma kuna kamba, mtu mzima anatembea nayo, akiivuta injini inazima.

MUUGUZI: Na hiyo skrubu ya kwako sasa hivi iko ndani au nje?

MWENYE KWADI: Iko nje.

MUUGUZI: Mtalii wa Ujerumani umemfungia, mtoto wa Mkange hujamfungia.

MWENYE KWADI: Nitaifunga. Hilo umenishinda, watoto basi.

BODABODA: Mimi sijamaliza. Hizo sifa zote ulizotoa ni za mchanga. Twende kwenye lami. Barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Pangani hadi Tanga inajengwa kwa vipande, na kipande kimoja kinaanzia hapa hapa Mkange kuelekea Mkwaja na Tungamaa. Lami ikitandikwa, ekseli yako isiyo na difu itafanyaje? Mchanga unaliachia tairi la ndani, lami hailiachii. Tairi lenyewe lina meno makubwa na upepo wa psi 4. Mimi kwenye Boxer naweka 25 na zaidi. Siku ile ulikwenda kwa fundi pancha akakujazia kama anavyotujazia sisi.

MWENYE KWADI: Ikawa inadunda. Nikatoa upepo nyumbani kwa kubonyeza na dole, maana geji yake huko chini haisomi. Lami siipandi, na sijawahi kusema nitaipanda.

BODABODA: Lami huipandi. Masika je? Udongo wetu mweusi ukilowa unanasa trekta. Chombo chako kinasukuma matairi ya nyuma tu, na tumbo liko chini. Tulikuvuta kwa kamba, mimi na Wamang'ati wawili waliokuwa wanapeleka ng'ombe Wami, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwa hiyo lami hapana, tope hapana. Kimebaki kiangazi na njia za mchanga. Na njia za mchanga anazitumia nani?

SHANGAZI: Mbuzi wangu.

MWENYE KWADI: Mbuzi hakufa.

SHANGAZI: Aliharibu mimba.

MWENYE KWADI: Na nililipa.

SHANGAZI: Ulilipa mmoja. Tumboni walikuwa wawili.

ASKARI MSTAAFU WA HIFADHI: Mimi nimenyamaza muda mrefu. Hizo njia za mchanga mnazozitaja zina mwisho. Upande mmoja unakutana na msitu wa Zaraninge. Upande mwingine unafika geti la Mvave, halafu baharini. Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, nyika inayoshuka mpaka kwenye maji ya chumvi. Ndani ya hifadhi gari halitoki nje ya barabara, hata liwe la nani.

MWENYE KWADI: Ndani sijaingia hata siku moja, afande. Mnajua.

ASKARI MSTAAFU: Najua huingii. Nasema ya pwani. Ulikwenda Mkwaja maji yametoka, ukaikimbiza ufukweni, vijana wakakurekodi. Sasa sikiliza habari za kasa. Anapanda usiku, anavuka alama ya maji kujaa, anachimba, anataga, anafukia, anarudi. Asubuhi kama huijui alama yake huoni kitu. Yale mayai yanakaa mchangani karibu miezi miwili. Tairi likipita juu linaushindilia mchanga, na hata lisipovunja yai, linaacha mfereji. Kitoto cha kasa kinatoka kimechoka, kinatafuta weupe wa bahari, kinatumbukia kwenye mfereji wa tairi. Ukuta wake kwetu ni kina cha kiganja, kwake ni jabali. Kinaufuata mfereji huo sambamba na bahari, hakifiki. Kukipambazuka kaa na kunguru wanamaliza kazi. Pale Madete, upande wa hifadhi, watu wanalinda hivyo viota kimoja kimoja.

MWENYE KWADI: Mimi nilipita chini, kwenye mchanga mgumu wa maji kupwa. Baiskeli za wachuuzi wa samaki zinapita hapo hapo kila siku. Juu sikukimbiza.

ASKARI MSTAAFU: Kufika huko chini ulishukia wapi?

MWENYE KWADI: Juu.

ASKARI MSTAAFU: Ahsante.

MWENYE KWADI: Lakini afande, na mimi nikuulize. Malori ya chumvi yanayotoka Saadani hayatimui vumbi? Ng'ombe wanaoshuka Wami mamia kwa mamia hawakanyagi kitu? Mkaa unaotoka maporini hadi Dar es Salaam unakata miti mingapi? Mashamba ya miwa kule Makurunge yalifyekwa wapi, kama si kwenye pori? Greda la barabara limepita katikati ya njia za wanyama, tukalipigia makofi. Sisemi vyote ni vibaya. Chumvi naila, barabara naingoja. Ninachosema ni kwamba vyote hivyo vina kazi, kwa hiyo madhara yake tunayaita maendeleo. Kwadi haina kazi, kwa hiyo madhara yake, ambayo ni mbuzi na mfereji mmoja ufukweni, yanaitwa uhuni. Mizani yenu haipimi madhara hata kidogo. Inapima kama mtu amefurahi.

(Mwandishi tena, na ni mara ya mwisho: hapa wengi wa waliosikiliza walicheka, shangazi hakucheka. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote alizoitoa kijana, na ndiyo ambayo wenzake waliikwepa kwa muda mrefu, akiwemo bodaboda, aliyeanza kuuliza mambo ya usajili.)

BODABODA: Na usajili je? Mimi nina namba, nina leseni, nina bima, LATRA nawalipa, askari akinisimamisha nina la kumwonyesha. Wewe unapita uchi. Leseni zetu zina daraja la vyombo vya magurudumu matatu na manne, unayo?

MWENYE KWADI: Sheria ya Usalama Barabarani ni ya barabarani. Natumia njia za mashamba.

MUUGUZI: Ili uzifikie unavuka barabara mbele ya shule.

MWENYE KWADI: Naisukuma.

BODABODA: Siku askari yupo.

MWENYE KWADI: Na nyie mwanzoni mlikuwa na nini? Boda zilipoanza zilikuwa za wahuni, za wezi, za watoto waliokataa shule. Ilipofika 2010 ndipo serikali ikatoa kanuni za pikipiki kubeba abiria kwa leseni. Kabla ya hapo mlipita hivyo hivyo mnavyonisema mimi. Mlihalalishwa kwa nini? Kwa sababu mlipakia watu. Narudi pale pale.

BODABODA: Basi na wewe pakia. Tena nina wazo, bila mkopo, bila chochote. Jumapili uwanjani, raundi tatu mia tano, mimi nakaa na daftari, tunagawana. Vijana wa Miono watakuja. Watatoka mpaka Kiwangwa.

MWENYE KWADI: Sitaki.

BODABODA: Kwa nini? Si unaipenda?

MWENYE KWADI: Ndiyo sababu. Nikianza kutoza, kesho hakuna atakayeuliza inabeba nini. Kelele zitakuwa zile zile, vumbi lile lile, mbuzi yule yule, na wote mtanyamaza, kwa sababu itakuwa biashara. Mimi nataka jibu nikiwa sijatoza.

MUUGUZI: Mimi nisingenyamaza.

BODABODA: Mimi ningenyamaza.

SHANGAZI: Sasa nisikilize, maana umesema neno na sijalijibu. Unasema tunapima kama mtu amefurahi. Si kweli kwangu. Redio uliyoitaja naipenda, taarabu ikiwekwa nacheza peke yangu jikoni, na haileti hata shilingi. Sikukataa furaha. Lakini redio yangu, mtoto wa jirani akilala naipunguza. Ngoma ya harusi inakesha, inaudhi, ila tunaaga majirani, na kesho wao wanapiga yao sisi tunavumilia. Kuna zamu. Starehe ya kwadi haina zamu. Unafurahi wewe, vumbi tunakula sisi, na haitafika siku ya mimi kupanda nikutimulie wewe. Halafu umetoboa sailensa.

MWENYE KWADI: Niliikuta imetobolewa.

SHANGAZI: Na umeiacha. Inasikika mpaka Gongo.

MWENYE KWADI: Sailensa nitaiziba, fundi anachomea kwa dakika kumi. Lakini la zamu, shangazi, nani amekukataza kupanda?

SHANGAZI: Kwa gauni hili?

MUUGUZI: Mimi ningepanda.

BODABODA: Sista!

MUUGUZI: Na kofia ngumu, na viatu vya kufunika kisigino, na skrubu ndani. Nimesema ni hatari, sikusema si nzuri. Lakini niseme pia, kwenye haya mazungumzo yote ya starehe na zamu sijasikia mtoto wa kike akitajwa. Uwanjani jioni anazungushwa nani? Wavulana. Wasichana wanapita na madumu.

MWENYE KWADI: Hawaombi.

MUUGUZI: Wana dumu kichwani, wataombaje?

ASKARI MSTAAFU: Tusiende mbali. Jambo kama hili lina pa kulipeleka. Halmashauri ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, ikajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ikaenda halmashauri ya wilaya, Chalinze, kuidhinishwa. Iseme saa za kupanda, njia za kupita, umri, kelele, na ufukweni marufuku.

MWENYE KWADI: Iandikeni, na mimi nitanyoosha mkono. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Siku ya mazishi hapana. Njia ya kule kwenye mikorosho iliyozeeka, ambako hakuna anayelima. Kofia lazima, mtoto marufuku, pwani marufuku, sailensa nzima. Lakini muandike "kila chombo cha moto". Land Cruiser zinazopeleka wageni Saadani zinapita hapa Ijumaa mwendo wa kuua kuku, na zimewaua. Malori ya mkandarasi nayo. Sheria isiposema kila chombo, ikasema kwadi, basi kijiji kizima kina kwadi moja na mtakuwa mmeandika jina langu.

BODABODA: Ukisema kila chombo, na boda imo?

MWENYE KWADI: Imo. Mwendo, sailensa, mishikaki, vyote.

BODABODA: Basi mimi siungi mkono.

MUUGUZI: Mimi naunga, kwa mikono miwili. Wagonjwa wangu wengi wako kwako wewe, si kwake.

ASKARI MSTAAFU: Kwa magari ya wageni sidhani kama Chalinze watakubali kirahisi. Barabara ile si ya kijiji.

MWENYE KWADI: Afande, kwa hiyo sheria itamfika anayefikika.

ASKARI MSTAAFU: Itaanza na anayefikika.

SHANGAZI: Baba, hizo Land Cruiser nitazipigia kelele nikiwa barabarani kama siku zote, na hazitasimama. Zikipinduka wenyewe watakuja na winchi. Wewe ukipinduka, ni mimi ninayeuza korosho kabla ya mnada, kwa bei ya kutupa, ili ulazwe Muhimbili. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji upo, nami nitahudhuria, lakini kuna mkutano wa kwangu na wewe unatangulia.

MWENYE KWADI: Ajenda?

SHANGAZI: Moja tu. Ufunguo unalala chumba cha nani.